Uliza Tukujibu: Kocha wa Besiboli wa Chuo Anadumuje Miaka 40?

Toleo lililopita tuliandika kwa kifupi kuhusu makocha wa besiboli waliozeekea kwenye vyuo vikuu vya Marekani. Barua na jumbe zimetufikia kutoka Mwanza mjini, Kwimba, Sengerema na visiwani. Zinazofanana tumeziunganisha.

Shikamooni. Mlimtaja Mike Martin wa Chuo Kikuu cha Florida State, aliyekaa na timu moja miaka 40 bila kutwaa ubingwa wa taifa hata mara moja. Huku kwetu kocha akikosa kombe misimu miwili anafungashiwa virago. Yeye alibakije? — Mwalimu wa michezo, Nyegezi

Marahaba, Mwalimu. Martin alipewa timu mwaka 1980 akastaafu 2019. Katika misimu hiyo 40 alishinda michezo 2,029, idadi ambayo hakuna kocha mwingine wa daraja la kwanza la vyuo aliyeifikia. Hakuna msimu alioumaliza na ushindi chini ya 40, na kila mwaka timu yake iliingia kwenye mashindano ya taifa. Mara 17 aliifikisha Omaha, jimbo la Nebraska, ambako timu 8 za mwisho hukutana kila Juni kugombea ubingwa. Mara zote 17 kombe lilichukuliwa na wengine.

Waajiri wake walimvumilia kwa sababu wanaujua mchezo wenyewe. Katika besiboli hata timu bora kabisa hupoteza mara kwa mara. Martin mwenyewe alikuwa akishinda karibu michezo mitatu kati ya kila minne, na hicho ni kiwango cha juu sana. Sasa chukua timu ya namna hiyo uiweke Omaha, ambako kupoteza mara mbili tu mapema kunakurudisha nyumbani. Kombe la wiki mbili haliwezi kuwa kipimo pekee cha kazi ya mwaka mzima, na chuo chenye busara hutazama mambo mengine: wachezaji wanaendelea na masomo? Mikono yao ni mizima? Kila mwaka timu mpya inajengeka?

Hilo la timu mpya ndilo gumu kuliko yote. Mchezaji wa chuo kwa kawaida huchezea misimu minne tu. Tena klabu za kulipwa zinaruhusiwa kumsajili akimaliza mwaka wa tatu, kwa hiyo walio bora huondoka kabla ya wenzao. Kocha hupoteza robo ya kikosi au zaidi kila kiangazi, na kazi yake kubwa inakuwa kutafuta vijana na kumjua kila mmoja anafaa wapi. Buster Posey alifika Florida State akicheza nafasi ya kati ya besi ya pili na ya tatu (besi ni vituo ambavyo mpigaji hukimbilia), na kurusha pia. Benchi la makocha likamhamishia nyuma ya mpigaji awe mdakaji. Mwaka 2008 alichaguliwa mchezaji bora wa vyuo, na baadaye akawa mdakaji nyota wa klabu ya kulipwa ya San Francisco Giants. Uamuzi wa namna hiyo hufanywa na kocha aliyemtazama kijana mazoezini siku nyingi, siyo aliyesoma tu takwimu zake.

Njia za kudumu si moja. Rod Dedeaux alifundisha Chuo Kikuu cha Southern California kuanzia 1942 hadi 1986, akatwaa ubingwa mara 11, mara 5 kati ya hizo mfululizo, 1970 hadi 1974. Yeye alikuwa na kampuni yake ya malori, na mshahara wa chuo ulikuwa wa jina tu. Augie Garrido alitwaa mataji 5 katika vyuo viwili, matatu akiwa Cal State Fullerton na mawili akiwa Texas. Lakini ukitaka mfano wa kuiga kwenye chuo cha Mwanza chenye bajeti ndogo, sisi tunamchagua Martin. Alianza kama kocha msaidizi palepale chuoni mwaka 1975, akajifunza miaka mitano kabla ya kukabidhiwa timu. Vyuo vyetu vingi huajiri kocha mkuu bila kumwekea msaidizi hata mmoja wa kurithi kazi. Siku kocha akihama, daftari, mbinu na urafiki na shule za sekondari vinahama naye, na timu inaanza upya.

Nasoma ukocha Malya. Soka na wavu ninavijua, besiboli nimeiona kwenye simu tu. Nianzie wapi? — Mwanachuo, Kwimba

Anza na kuandika mchezo. Kila nafasi uwanjani ina namba: 1 mrushaji, 2 mdakaji, 3 besi ya kwanza, 4 besi ya pili, 5 besi ya tatu, 6 mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, 7 kushoto mbali, 8 katikati mbali, 9 kulia mbali. Mpira uliookotwa na 6, akampa 4, naye akampa 3, unaandikwa 6-4-3, na kwa kawaida maana yake ni wakimbiaji wawili kutolewa kwa tukio moja. Kosa la mlinzi ni E na namba yake. Mpigaji aliyetolewa kwa straiki tatu, yaani nafasi tatu za kupiga alizokosa, ni K. Tazama michezo kwenye simu huku kalamu iko mkononi, uandike kila tukio. Ukifika mahali unajua 5 alipaswa kurusha wapi kabla hajarusha, umeanza kuona anachoona kocha.

Hatua ya pili ni kuwa msaidizi wa mtu. Marekani makocha wengi wameanzia chini kabisa. Mpaka mwaka 2023 kanuni za daraja la kwanza ziliruhusu timu kuwa na kocha mmoja wa kujitolea asiyelipwa, na vijana wengi walipitia hapo, wakiishi kwa kufundisha kambi za watoto wakati wa likizo. Kazi yao ilikuwa kupiga mipira ya ardhini kwa walinzi, kuhesabu mirusho, kufagia kilima anachosimama mrushaji. Kwa hapa, uliza kwenye chama cha taifa cha besiboli na softiboli au kwa ofisa michezo wa mkoa kama kuna mafunzo yanayokuja. Mchezo huu ulianza kuota mizizi kwenye sekondari zetu kwa msaada wa Wajapani baada ya 2012, na shule ya Azania, Dar es Salaam, ina uwanja wake. Ukisubiri mafunzo, jitolee kwenye shule jirani yenye glavu hata nane.

Sekondari yetu ina mrushaji mmoja wa kutegemewa, ana miaka 17. Kwenye bonanza alirusha mchezo mzima Ijumaa, Jumapili tukamrudisha. Sasa kiwiko kinamuuma upande wa ndani. Wenzangu wanasema achuliwe kwa maji ya moto arudi. Mnashauri nini? — Mwalimu, Sengerema

Asirudi, Mwalimu. Na asichuliwe. Mpumzishe kurusha kabisa, na aonwe na daktari wa mifupa. Kwa upande wenu, hospitali ya rufaa ya karibu ni Bugando, Mwanza.

Upande wa ndani wa kiwiko kuna kano inayofunga mfupa wa mkono wa juu na wa chini. Kila mrusho wa nguvu huivuta kano hiyo karibu na mwisho wa uwezo wake. Misuli ya mkono inapokuwa haijachoka, hubeba sehemu ya mzigo. Ikichoka, mzigo mkubwa zaidi unabaki kwenye kano. Ndiyo maana hatari kubwa siyo mrusho wa kwanza wenye kasi kali. Ni ule wa 110 unaorushwa na kijana ambaye bega limeshalegea. Kano ikikatika, hujengwa upya kwa upasuaji ambao daktari Frank Jobe aliufanya kwa mara ya kwanza mwaka 1974, kwa mrushaji Tommy John, na kurudi uwanjani huchukua mwaka mmoja au zaidi. Kwa kijana ambaye bado anakua, kinachoumia kinaweza kuwa sehemu laini ya ukuaji wa mfupa. Hiyo haionekani kwa macho wala haiponi kwa kuchua. Dawa ya maumivu anayomeza ili acheze inaondoa onyo tu, jeraha linabaki.

Hizi ndizo namba zinazotumika Marekani kwa vijana, na tunashauri zibandikwe ukutani ofisini kwa mwalimu wa michezo. Miaka 13 hadi 16, mwisho mirusho 95 kwa siku. Miaka 17 na 18, mwisho 105. Miaka 19 hadi 22, yaani vijana wa vyuoni, mwisho 120. Kisha mapumziko, kwa wa miaka 17 na 18: akirusha hadi 30 anaweza kurudi kesho yake, 31 hadi 45, apumzike siku 1, 46 hadi 60, siku 2, 61 hadi 80, siku 3, 81 na zaidi, siku 4. Kijana wenu aliporusha mchezo mzima Ijumaa karibu hakika alifika 81, maana yake hakupaswa kugusa kilima kabla ya Jumatano.

Tunajua shida yenu ni ratiba. UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari, na mabonanza hubana michezo siku zinazofuatana. Piga hesabu kabla ya kusafiri. Tuseme mna siku 5, mchezo mmoja kila siku, na kila mchezo unakula mirusho kama 120. Mkiwa na warushaji 6, wawili wawili, kila mmoja mirusho 60: jozi ya kwanza siku ya 1 na ya 4, jozi ya pili siku ya 2 na ya 5, jozi ya tatu siku ya 3. Kila mtu amepata siku zake 2. Mkiwa na mmoja wa kutegemewa, hesabu haikubali hata mkiombea. Kwa hiyo mazoezi ya miezi mitatu kabla ya mashindano yawe ya kutengeneza warushaji sita wa kawaida wanaolenga, badala ya kumnoa huyo mmoja. Mlinzi wa 6 na wa 8 kwa kawaida wana mikono mizuri. Anzeni na hao. Mdakaji msimguse, kwa sababu ameshairudisha mipira yote ya mchezo, na kumpandisha kilimani siku hiyohiyo ni kumwongezea mzigo juu ya mzigo.

Mpeni mtu mmoja wa benchi kazi ya kuhesabu, vistari vitano vitano kwenye karatasi, na kila iningi, yaani kipindi ambacho kila timu hupata zamu moja ya kupiga, ikiisha amwambie kocha. Msitegemee kichwa. Nanyi mtazame dalili: kiwiko kinashuka chini ya usawa wa bega, mipira inapanda juu ya kifua cha mpigaji, kijana anaanza kuzungukazunguka kilimani kabla ya kila mrusho. Ukiona mawili kati ya hayo, mtoe, hata kama hesabu inasema 40.

Kabla ya kurusha, mwili upate joto kwanza, ndipo mkono. Akimbie taratibu mpaka jasho lianze kutoka. Tyubu ya baiskeli iliyokatwa na kufungwa kwenye nguzo inatosha kuamsha misuli ya bega: kiwiko ubavuni, avute kuelekea nje mara 15, kisha ndani mara 15, bila haraka. Halafu arushe na mwenzake kutoka mita 10, wakirudi nyuma kidogo kidogo hadi mita 30. Na kila mwaka awe na miezi 4 ya kutopanda kilimani. Acheze soka, aogelee, akae.

Tumepewa kiwanja na kata, tunataka kujenga kilima cha mrushaji. Tulijaza udongo wa mbuga, ukapasuka wote kiangazi. Tufanyeje? — Kamati ya michezo, Ilemela

Mbuga hufura ikilowa na kupasuka ikikauka, haitafaa hata mkiishindilia vipi. Iondoeni yote. Udongo mnaouhitaji mnao karibu: wa kichuguu kilichokufa. Una mfinyanzi mwingi na hushikana kama sakafu. Uvunjeni, muuchekeche kwa chekeche ya fundi ujenzi, mchanganye ndoo 2 za kichuguu kwa 1 ya mchanga wa mto wenye chembe kali. Mchanga wa ufukweni chembe zake ni mviringo, hazishikani. Kabla ya kuchanganya mzigo wote, finyangeni donge la ukubwa wa chungwa, mliweke kivulini siku 2. Likipasuka, ongezeni mchanga. Likimung'unyika kwa kidole, ongezeni kichuguu.

Kisha vipimo. Kutoka ncha ya nyuma ya besi ya nyumbani, pale anaposimama mpigaji, hadi ukingo wa mbele wa ubao ambao mrushaji huukanyaga akirusha ni mita 18.44. Kosa la kawaida ni kupima kutoka ukingo wa mbele wa besi ya nyumbani. Hapo mnakosea sentimita 43, na mrushaji atakayezoea kilima chenu atahangaika kwenye viwanja vingine. Ubao wenyewe ni sentimita 61 kwa 15. Juu ya ubao kuwe juu kuliko besi ya nyumbani kwa sentimita 25.4. Usiamini macho kwa hili: tumieni bomba la plastiki mwangavu lenye maji, lile mafundi wanalopimia usawa wa msingi.

Kilima ni duara la kipenyo cha mita 5.49, na kitovu chake kiko sentimita 46 mbele ya ubao. Mteremko unaanza sentimita 15 mbele ya ubao na kushuka sentimita 2.5 kwa kila sentimita 30, kwa urefu wa mita 1.8. Eneo hilo ndilo mguu wa mbele unapotua, na ndilo linaloamua kama mrushaji atateguka goti. Kikishashindiliwa, kilima kinabeba karibu mita 3 za ujazo. Agizeni 4 za udongo uliolegea.

Msimwage udongo wote kwa mara moja. Wekeni tabaka la sentimita 2 hadi 3, lowesheni kidogo, shindilieni, kisha kwaruzeni uso kwa reki kabla ya tabaka linalofuata. Tabaka likiwekwa juu ya uso uliokauka na kulainika, halishiki. Litabanduka kama ganda mwezi wa pili. Udongo ukiganda kwenye kishindilio, maji yamezidi: subirini saa moja, au kifungeni gunia.

Baada ya kila mchezo kutakuwa na shimo mbele ya ubao na lingine pale mguu unapotua. Fagieni vumbi lililolegea mpaka mfike kwenye udongo mgumu, lowesheni, jazeni udongo mbichi wa kichuguu, shindilieni. Mkijaza juu ya vumbi, kazi ni bure. Mvua za Machi hadi Mei zikikaribia, nunueni turubali la mita 6 kwa 6, na ukingo wake uwekewe mawe, Mwanza mawe hayakosekani.

Na kwa kuwa bado hamjachora besi: mpigaji atazame mashariki, kaskazini kidogo. Akitazama magharibi, saa 11 jioni jua litamwingia machoni na mpira hatauona. Besi hadi besi ni mita 27.43. Nyumbani hadi besi ya pili ni 38.80, na besi ya kwanza hadi ya tatu ni hivyohivyo. Zikitofautiana, mraba wenu umepinda.

Mwanangu anarusha vizuri. Kuna mtu anadai ada ili amwunganishe na kocha wa chuo Marekani. Nilipe? — Mzazi, Igoma

Usilipe, mama. Kocha wa chuo hamtozi mchezaji pesa ili amwangalie. Anachotaka ni video na matokeo ya shule. Mrekodini kwa simu akiwa kilimani, mara moja kutoka nyuma, mara moja kutoka ubavuni, na mpime mbio za mita 55. Chini ya sekunde 7 ni nzuri. Mrushaji wa daraja la kwanza kwa kawaida hurusha kilomita 137 kwa saa na zaidi, lakini kuna vyuo vya miaka miwili vyenye viwango vya chini. Kumbuka pia kwamba vyuo vya daraja la tatu havitoi ufadhili wa michezo kabisa, hata mtu akikuahidi.



Hatuna glavu wala magongo. Tunaweza kuanza na nini? Na mipira yetu mitatu ya ngozi ililowa kwenye boti. — Walimu, Ukerewe

Anzeni na besiboli ya watano. Shirikisho la kimataifa lilianzisha mchezo huu mwaka 2017: wachezaji 5 kila upande, iningi 5, mpira wa raba unaopigwa kwa mkono, wavulana na wasichana pamoja. Besi zinapangwa mraba wa mita 13, na uwanja wote wa kupigia ni mita 18 kwa 18, unatosha mbele ya madarasa. Miguu, macho na maamuzi ya besiboli kubwa yote yanafundishika hapo.

Mipira ya ngozi ifuteni kwa kitambaa kikavu, muiweke kivulini penye upepo siku 3 au 4, mkiigeuza asubuhi na jioni. Msiianike juani wala karibu na jiko. Ngozi itakakamaa na mishono itakatika. Kisha pimeni kwa mizani ya dukani. Mpira halali una gramu 142 hadi 149. Uliobaki na maji ndani utazidi hapo: huo utumieni kwa kupiga mipira ya ardhini tu, mrushaji asiushike.